Gharama ya kuitafuta risasi bora ya .22 ukiwa Salgaa

Ushauri anaopewa kila mwenye bunduki ya .22 ni mfupi: nunua aina kumi za risasi, zipime zote, kisha baki na ile inayokusanya matundu karibu zaidi. Ushauri huo hutolewa bila bei. Hapa chini umewekewa bei kwa shilingi, kwa mlenga shabaha mwenye cheti halali cha silaha anayeishi Salgaa, kituo cha malori kilicho kilomita 30 hivi magharibi mwa Nakuru kwenye barabara kuu ya Eldoret. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, kwa hiyo kipimo kinachotumika hapa ni karatasi ya shabaha, si mnyama.

Risasi ya .22 aina ya Long Rifle ilianza kuuzwa mwaka 1887. Kemikali inayoiwasha imo ndani ya ukingo wa ganda, si katikati ya kitako chake, na ganda likishapigwa halijazwi tena. Mwenye bunduki kubwa anaweza kupima baruti mwenyewe na kuirekebisha punje kwa punje hadi ikubaliane na mtutu wake. Mwenye .22 hana nafasi hiyo: anachoweza kufanya ni kuchagua pakiti. Na kwa kuwa mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja hutofautiana kidogo kwa vipimo vya ndani na kwa jinsi inavyotetemeka, pakiti iliyomfaa jirani si lazima imfae yeye.

Maneno mawili yatarudi mara nyingi. Kundi ni umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi kwenye karatasi, ukipimwa kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jingine. Makundi yote hapa ni ya risasi tano kwa umbali wa mita 50, isipokuwa pale nilipotaja vingine. Toleo ni fungu moja la risasi zilizotengenezwa kwa mfululizo mmoja, na namba yake hupigwa kwenye pakiti. Pakiti mbili zenye jina moja na namba tofauti ni bidhaa mbili tofauti kwa mtutu unaochagua.

Sasa bei. Katika maduka ya Marekani risasi ya kawaida inauzwa karibu senti 10 za dola, ya daraja la kati karibu senti 18, na ya mashindano karibu senti 50. Kwa Sh129 kwa dola, hizo ni Sh13, Sh23 na Sh65. Nimezidisha kwa mbili kufidia usafirishaji, ushuru, VAT ya asilimia 16 na faida ya muuzaji, nikapata Sh26, Sh46 na Sh130. Kuzidisha kwa mbili ni dhana, na msomaji mwenye risiti ya duka lake aweke bei yake mahali pa yangu. Kinachobeba hesabu ni uwiano: risasi ya mashindano inagharimu mara tano ya ile ya kawaida.

Je, inapiga vizuri mara tano? Tuchukue bunduki nzuri, si ya ajabu, inayotoa kundi la wastani la milimita 25 kwa risasi za kawaida, 18 kwa za kati na 13 kwa za mashindano. Kutoka kawaida hadi kati, Sh20 zinapunguza milimita 7, yaani chini kidogo ya Sh3 kwa milimita. Kutoka kati hadi mashindano, Sh84 zinapunguza milimita 5, yaani karibu Sh17 kwa milimita. Milimita za mwisho ni ghali karibu mara sita kuliko za kwanza.

Milimita hazina thamani mpaka zigeuzwe kuwa alama. Kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 50, pete ya 10 ina kipenyo cha milimita 10.4, na tundu likigusa mstari linahesabiwa limeingia. Risasi yenyewe ina upana wa karibu milimita 5.6, kwa hiyo kitovu cha tundu kikiwa ndani ya milimita 8 kutoka katikati ya shabaha, hilo ni pigo. Tukichukulia kwamba matundu hutawanyika sawasawa pande zote, kati ya risasi 60 zilizopigwa bunduki ikiwa imefungwa mezani, za kawaida zitatoa mapigo 23, za kati 36 na za mashindano 50. Hiyo ndiyo tofauti inayotangazwa, na mezani ni ya kweli.

Lakini mashindano hayapigwi na meza. Tumweke mpigaji ambaye mikono yake pekee, hata akipewa risasi isiyo na kasoro, hutawanya kundi la milimita 37. Hicho si kiwango cha aibu kwa mtu asiyefanya mazoezi kila wiki. Ukichanganya mtawanyiko wa mikono na wa risasi, mapigo yake kati ya 60 yanakuwa 8.5 kwa risasi za kawaida, 9.8 kwa za kati na 10.8 kwa za mashindano. Tofauti ya mapigo 27 iliyoonekana mezani imebaki karibu mawili. Kwa mapigo hayo mawili amelipa Sh6,240 zaidi, yaani Sh104 mara 60.

Tukubali hata hivyo kwamba anataka kupima. Swali la kwanza ni kipimo chenyewe kinaona nini. Piga makundi mengi ya risasi tano kutoka pakiti ileile, kwa mtutu uleule, bila upepo, na bado makundi yatatofautiana: kwa kanuni za takwimu, mpishano wa kawaida ni karibu asilimia 25 juu au chini ya wastani. Kundi la risasi tatu linayumba zaidi, karibu asilimia 37. Kundi la risasi kumi linayumba asilimia 17.

Tuone asilimia 25 inavyofanya kazi kwenye ushauri wa aina kumi. Chukua pakiti kumi za daraja la kati zinazolingana kabisa, zote zikiwa na kundi la wastani la milimita 18, kisha bandika majina kumi tofauti. Piga kundi moja la risasi tano kwa kila jina. Kundi dogo kuliko yote litaangukia karibu milimita 11 au 12, na kubwa kuliko yote karibu 25 au 26. La kwanza litafanana na risasi ya mashindano ya Sh130, la mwisho litafanana na ya kawaida ya Sh26, na yote yametoka kwenye bidhaa moja. Jaribio hilo linakula risasi 50 na Sh2,300, na kilichopatikana ni bahati iliyoandikwa kwenye daftari.

Ili kipimo kitofautishe aina mbili zilizopishana kwa asilimia 20, zinahitajika risasi 50 hivi za kila aina. Zikipishana kwa asilimia 10, zinahitajika 200 hivi za kila aina. Kwa aina kumi za Sh46, mpango wa kwanza ni risasi 500 na Sh23,000. Wa pili ni risasi 2,000 na Sh92,000. Mtu anayepiga risasi 1,500 kwa mwaka hutumia Sh69,000 kwa risasi zake zote. Kuitafuta tofauti ya asilimia 10 kungemgharimu zaidi ya mwaka mzima wa matumizi.

Kuna njia ya kupata habari zaidi bila kuongeza risasi, nayo iko kwenye upimaji. Upana wa kundi huamuliwa na matundu mawili tu. Katika kundi la risasi kumi, matundu manane yamelipiwa Sh368 lakini hayakuhesabiwa. Ukitafuta kitovu cha matundu yote, ukapima umbali wa kila tundu kutoka hapo na kuchukua wastani, risasi zote kumi zinachangia jibu. Rula na dakika chache za ziada hazina gharama. Makadirio ya risasi 50 na 200 hapo juu yanamchukulia mtu anayepima hivyo. Anayetegemea upana wa kundi moja kubwa anahitaji zaidi.

Njia ya pili ni kupima kwa hatua mbili, kwa kuwa kuitambua mbaya ni rahisi kuliko kuitambua iliyo bora. Hatua ya kwanza, aina kumi kwa risasi 10 kila moja: 100. Ondoa sita zilizotawanyika zaidi. Hatua ya pili, aina nne zilizobaki kwa risasi 50 kila moja: 200. Jumla risasi 300 na Sh13,800, badala ya 500 na Sh23,000. Akiba ni Sh9,200, asilimia 40.

Hesabu hiyo imeacha vitu viwili. Cha kwanza ni mafuta yanayopakwa kwenye kichwa cha risasi. Kila chapa ina mchanganyiko wake, na ukibadilisha chapa mtutu unahitaji risasi kadhaa kabla ya kutulia. Nimechukua 10 zisizohesabiwa kila unapobadilisha. Mpango wa hatua moja sasa ni 60 mara 10, risasi 600, Sh27,600. Mpango wa hatua mbili ni 200 kwa hatua ya kwanza na 240 kwa ya pili, jumla 440, Sh20,240. Akiba imeshuka hadi Sh7,360.

Cha pili ni barabara. Silaha hupimwa kwenye uwanja ulioidhinishwa, si kwenye shamba la mahindi wala kando ya lami. Nimechukua uwanja ulio upande wa Kiambu, ambako uwanja wa Kirigiti unajulikana kwa walenga shabaha. Kutoka Salgaa ni karibu kilomita 190, yaani 380 kwenda na kurudi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatumia lita 38. Kwa Sh180 kwa lita ni Sh6,840, kabla ya ada ya uwanja na chakula. Hatua mbili zikifanywa kwa siku mbili, safari ya ziada inakula Sh6,840 kati ya Sh7,360 zilizookolewa, na kinachobaki ni Sh520. Mpango wa hatua mbili una maana tu ukikamilika siku moja, na kalamu na rula zikiwa mezani uwanjani. Kwa risasi mbili kwa dakika, 440 ni saa tatu na dakika 40 za kupiga tu, bila mapumziko.

Saa hizo zinaleta upepo. Risasi ya mashindano huondoka kwenye mtutu kwa karibu mita 330 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Usawa wa bahari, upepo wa ubavuni wa mita moja kwa sekunde, yaani kilomita 3.6 kwa saa, unaisogeza karibu milimita 7 kwa umbali wa mita 50. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 17 hivi, kwa hiyo usogezaji unashuka hadi karibu milimita 6. Kiambu hakupishani sana na Nakuru kwa kimo, hivyo matokeo ya uwanjani yanasafiri vizuri hadi Salgaa.

Milimita 6 zinaonekana kidogo mpaka ziwekwe kando ya kile kinachopimwa. Upepo unaopanda na kushuka kwa mita moja kwa sekunde hutawanya matundu kwa upana kiasi kilekile ambacho risasi ya daraja la kati hutawanya yenyewe. Anayepima aina ya kwanza saa moja asubuhi hewa ikiwa tulivu na ya kumi saa tano upepo ukiwa umeamka, amepima saa za siku. Dawa ni kuzungusha aina kwa zamu fupi, lakini kila mzunguko unadai risasi 10 za kutuliza mtutu, Sh460 kwa kila badiliko. Hapa pia usahihi unauzwa kwa bei.

Wapo wanaodhani risasi ya kasi hukwepa upepo. Hesabu inasema kinyume. Ile ya mita 376 kwa sekunde huanza juu ya kasi ya sauti, na huko hewa huikaba zaidi. Usawa wa bahari upepo uleule wa mita moja huisogeza karibu milimita 9, si 7. Upepo hauhesabu muda ambao risasi imekaa hewani, huhesabu muda ambao risasi imecheleweshwa na hewa. Kasi ya juu haina nafasi kwenye orodha ya aina kumi za mlenga shabaha.

Kasi ina umuhimu kwa namna nyingine: usawa wake. Risasi mbili zinazopishana kwa mita 10 kwa sekunde zitapishana milimita 7 hadi 8 kwa wima katika mita 50. Ndiyo maana kundi lililorefuka kwenda juu na chini huelekeza lawama kwa risasi, na lililotanuka kwenda kando huelekeza kwa upepo. Pia ni sababu ya kuitilia shaka kidogo dhana yangu ya mtawanyiko sawa pande zote. Makosa yake hayabadilishi mpangilio wa madaraja, lakini msomaji asiyahesabu mapigo yangu hadi desimali ya mwisho.

Sasa tuunganishe. Jaribio la hatua mbili kwa siku moja ni Sh20,240 za risasi na Sh6,840 za mafuta ya gari, jumla Sh27,080. Tuseme limefanikiwa, na toleo lililochaguliwa kweli ni bora kwa asilimia 15 kuliko wastani wa daraja lake: kundi limeshuka kutoka milimita 18 hadi 15.3. Yule mpigaji wa mikono ya milimita 37 anapanda kutoka mapigo 9.8 hadi 10.4, zaidi kidogo ya nusu ya pigo kwa kila risasi 60. Akituliza mikono yake kutoka 37 hadi 34, bila kubadilisha pakiti, anafika 11.2. Siku moja ya mazoezi ya risasi 60 inamgharimu Sh9,600 pamoja na safari, kwa hiyo fedha za jaribio zingemlipia karibu siku tatu. Kulenga nyumbani kwa bunduki tupu iliyokaguliwa hakumgharimu risasi yoyote.

Kwa mpigaji aliyetulia, mwenye kundi la mikono la milimita 12, picha ni nyingine. Toleo lililochaguliwa linampandisha kutoka mapigo 28.2 hadi 32.6, zaidi ya manne kwa kila 60. Akilitumia kwa risasi 1,500 za mwaka, yaani mizunguko 25, anapata mapigo 110 ya ziada, na kila moja limemgharimu Sh246. Yule wa kwanza, kwa fedha zilezile, analipa karibu Sh2,100 kwa kila pigo.

Njia mbadala ni kutopima kabisa na kupanda daraja. Mpigaji mtulivu akihama kutoka risasi ya Sh46 kwenda ya Sh130 atapata mapigo 36.6, yaani 8.4 zaidi kwa kila 60. Atalipa Sh5,040 zaidi kwa kila mzunguko, sawa na Sh600 kwa pigo. Kwa bei hizo, kupima ni nafuu zaidi ya mara mbili kuliko kupanda daraja, japokuwa daraja la juu linampa mapigo mengi zaidi.

Lakini Sh246 ile imesimama juu ya dhana moja kubwa: kwamba toleo lililoshinda litapatikana kwa mwaka mzima. Huko Birmingham kwa watengenezaji wa risasi Eley, au Schönebeck nchini Ujerumani kwa wenzao Lapua, mteja huleta bunduki yake, hupimiwa matoleo kadhaa kwa mita 50, kisha hununua maelfu ya lile lililofaa kabla hajaondoka. Ushauri wa kupima aina kumi unafaa mazingira kama hayo. Nchini Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutaja kiasi cha risasi ambacho mwenye silaha anaruhusiwa kununua na kukaa nacho kwa wakati mmoja. Tuseme cheti kinaruhusu 500. Jaribio la risasi 440 linaingia ndani ya kikomo hicho, lile la 600 haliingii. Muhimu zaidi, mshindi atanunuliwa 500 tu kwa mara moja, na akirudi dukani miezi minne baadaye huenda akakuta jina lilelile na namba nyingine ya toleo.

Toleo likiisha baada ya risasi 500, gharama ya jaribio haigawanywi tena kwa 1,500. Badala ya Sh18 kwa kila risasi iliyopigwa inakuwa Sh54, zaidi ya bei ya risasi yenyewe. Mizunguko 25 inakuwa minane na kitu, mapigo 110 yanashuka hadi 37, na kila pigo linapanda kutoka Sh246 hadi karibu Sh740. Hapo kupanda daraja kwa Sh600 kumekuwa nafuu kuliko kupima.

Mpaka kati ya njia hizo mbili uko karibu risasi 620: mpigaji mtulivu anayeweza kununua zaidi ya hizo za toleo moja, apime; asiyeweza, anunue daraja la juu na aache kupima. Kwa hiyo maswali ya dukani yanatangulia ya uwanjani: zimebaki pakiti ngapi za namba hii, na cheti changu kinaruhusu ngapi? Na mwenye mikono ya milimita 37 hana haja ya kuuliza lolote kati ya hayo. Pakiti ya daraja la kati inamtosha, kwa kuwa kila njia nyingine ya kutafuta risasi bora iliyopigiwa hesabu hapa inamtoza zaidi ya Sh2,000 kwa pigo.